Anayesikiliza Naye Asikilizwe

Kitinda mimba wetu anasomea ushauri nasaha katika chuo kimoja hapa Nairobi, na mwaka huu ulifika wakati wake wa kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Kwa kuwa anaishi kwangu na nauli yake inatoka mfukoni mwangu, shughuli hiyo ilikuwa yangu pia. Milango ilikuwa mitatu, na kila mtu nyumbani alikuwa na wake.

Mama alitaka hospitali kubwa. Kwake yeye, barua yenye muhuri wa hospitali ni nusu ya kuajiriwa. Kaka yetu alipendelea shule ya upili iliyo karibu, maana huko angekwenda kwa miguu. Mlango wa tatu ulikuwa kituo kidogo kinachowasaidia watu wanaotaka kuacha pombe, matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Huo haukuwa na mtetezi. Marehemu baba yetu alikuwa mnywaji, na Mama alikata maneno: "Mlevi mmoja alinitosha."

Mimi nilimshauri mdogo wangu asiulize kwanza atapewa cheti gani. Aulize atafanya nini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi, na akishatoka kumsikiliza mtu, yeye atasikilizwa na nani.

Alikwenda kote. Hospitalini aliambiwa kuwa angepanga faili na kuwaelekeza wagonjwa vyumbani, na pengine siku moja angeitwa aketi na mshauri, akipatikana mwenye nafasi. Shuleni alipokewa kwa furaha na kuonyeshwa meza yake, ila meza hiyo ilikuwa katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu anayesimamia nidhamu. Tangu kiboko kipigwe marufuku katika shule zetu mwaka 2001, mzigo mkubwa uliangukia ushauri nasaha, na ziko shule ambazo hadi leo hazijatenganisha kushauriwa na kuadhibiwa. Mtoto anayejua kuwa maneno yake yatamfikia naibu kabla ya kengele ya chakula hatasema linalomkera. Atasema tu linalomwokoa.

Katika kile kituo kidogo, mshauri mkuu, mzee mpole, hakumwahidi makuu. Alimwambia kuwa mwezi mzima asingezungumza na mteja peke yake. Angeketi kando akitazama, tena kwa idhini ya mteja mwenyewe. Kisha kila Ijumaa wangekaa wawili kwa saa moja, aeleze aliyoyaona na jinsi yalivyomgusa. Mwisho akamwuliza iwapo kwao kulikuwa na mnywaji. Mdogo wangu alisema kweli. Mzee hakumfukuza wala hakumsifu. Alimjibu, "Basi hilo ndilo tutakaloanza nalo Ijumaa ya kwanza."

Jibu hilo lilinifanya niunge mkono mlango wa matatu nne kwa siku. Mtu anayesikiliza machungu ya wengine hubeba sehemu yake hata nyumbani, na akiwa na jeraha la namna ile ile, huweza kumtibu mgonjwa asiyekuwapo. Atamkaripia mlevi aliye mbele yake kwa makosa ya baba aliyekwisha kuzikwa. Ndiyo maana mwanafunzi wa kazi hii huhitaji msimamizi, kama fundi mchanga anavyohitaji mtu wa kumshika mkono kabla hajaukata.

Nchi hii inaijua haja hiyo. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998, lililowaua zaidi ya watu 200 hapa Nairobi, wengi waliopona walihitaji mtu wa kuwasikiliza. Vituo vya ushauri na upimaji wa virusi vya ukimwi vilipoanza kuenea kuanzia 2001, washauri walihitajika zaidi. Mwaka 2014 sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ilipitishwa, ili kazi hii isiwe ya kila ajitokezaye. Lakini sheria haiwezi kuingia katika chumba kile chenye viti viwili. Humo anaingia mwanafunzi na alichofundishwa.

Kwa hivyo wewe unayetafuta mahali, uliza nani atakusimamia, na mtakutana mara ngapi. Uliza maneno ya mteja yanahifadhiwa wapi na nani anayaona. Uliza utafanya nini ukikutana na jambo lililokuzidi, kama vile mtu anayetaka kujitoa uhai. Wakibabaika, shukuru uende zako, hata kama jengo ni refu.

Sasa ni wiki ya sita. Nauli inauma, na nyama nyumbani imekuwa ya Jumapili tu. Mama naye alikuja kututembelea majuzi akamwuliza binti yake hao walevi wanasema nini. Binti alimjibu kwa heshima kuwa hayo ni ya wenyewe, hayatoki kule. Kisha akasema, "Lakini Mama, yako naweza kuyasikiliza." Mama alinyamaza kitambo, akavuta kiti. Nilitoka nikawaachia sebule.