Daftari la Mukasonga na bibi yetu wa mawese



Sisi vijana wakimbizi wa hapa Rumonge tumezoea kuulizwa maswali. Ulikimbia lini? Ulivukia wapi? Mko wangapi? Unajibu, mtu anaandika, anageuza karatasi, anaita mwingine. Maisha yako yote yameingia kwenye mistari mitano.

Mwezi uliopita tulizika bibi mmoja aliyekuwa anauza mawese karibu na sisi. Alivuka kutoka Fizi Januari 2018, wakati mitumbwi ilikuwa inafika hapa imejaa watu. Jioni alikuwa anatusimulia: shamba lake, mtumbwi ulivyoingia maji, na vile mwaka 1972 watu wa hapa Rumonge ndio walikimbilia kwao Congo, wakapokelewa. Sisi tulicheka, tukala ndagala zake, tukaenda kulala. Hakuna aliyeandika. Leo imebaki ile karatasi ya mistari mitano tu.

Ndiyo maana tunataka kuwaambia juu ya mama mmoja anayeitwa Scholastique Mukasonga.

Alizaliwa Rwanda mwaka 1956. Mwaka 1960 familia yake, pamoja na Watutsi wengine, walihamishwa kwa nguvu mpaka Nyamata, pori la Bugesera. Mwaka 1973 alikuwa anasomea ustawi wa jamii Butare. Akafukuzwa shuleni sababu ya kabila, akakimbilia wapi? Hapa hapa Burundi! Akamalizia masomo yake huku, akafanya kazi na UNICEF. Yaani amekaa pande zote mbili za meza: kuna wakati yeye ndiye mkimbizi, na kuna wakati yeye ndiye mwenye kalamu.

Mwaka 1992 alifika Ufaransa. Kumbe diploma yake ya Burundi haikutambuliwa kule, ikabidi aanze tena. Wangapi kati yetu wanajua uchungu huo? Alirudia, akapata kazi yake ileile. Halafu 1994, katika mauaji ya kimbari, watu 37 wa familia yake waliuawa. Yeye alikuwa mbali, hakuzika hata mmoja.

Alichokuwa nacho ni daftari. Aliandika kumbukumbu zisipotee. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2006, akiwa anakaribia miaka 50. Mwaka 2010 akatoa hadithi fupi, L'Iguifou. Wanaojua Kirundi wameshaelewa: igifu ni tumbo, na kwake ni ile njaa inayokaa ndani yako kama mgeni asiyeaga. Humo kuna baba ambaye ng'ombe zake zimekwisha lakini moyo wake bado uko zizini. Kuna mwanamke aliye Ufaransa anayeenda kwenye mazishi ya watu asiowajua, ili apate mahali pa kulilia wake. Mwaka 2012 riwaya yake Notre-Dame du Nil ilipata tuzo ya Renaudot, moja ya tuzo kubwa za Ufaransa.

Tulipoongea juu ya yule mwanamke wa mazishi, mwenzetu mmoja alinyamaza, akatoka nje. Baba yake alibaki ng'ambo, hajulikani alizikwa wapi. Aliporudi alisema, "Kumbe mtu anaweza kuandika hata hii."

Ndugu zetu mnaofanya kazi na wakimbizi, hatuwalaumu. Tunajua foleni ni ndefu na karatasi ina nafasi ndogo. Tunaomba jambo moja: mkimaliza maswali yenu, ulizeni moja lisilo kwenye karatasi. Kwenu mlikuwa mnapika nini? Nani alikuwa anawasimulia? Mukasonga alifanya kazi kama yenu, na aliandika hivyo vitu vidogo ambavyo hakuna fomu inayoviuliza.

Na sisi vijana, tusingoje Ufaransa. Daftari la shule linatosha. Kiswahili chetu hiki kilichochanganyika kinatosha pia. Jumamosi hii tukutane kama kawaida, kila mmoja aje na ukurasa mmoja wa kitu alichosimuliwa na mzee aliye hai. Sisi tutaanza na bibi wa mawese, kile kidogo tunachokumbuka. Tumechelewa kwake. Kwa wako, bado hujachelewa. Muulize leo jioni.