Daftari Mbili za 2020

Wasee, mnakumbuka 2020? Shule zilifungwa Machi, tukaambiwa masomo yanaendelea kwa redio ya KBC, Edu Channel na YouTube. Mimi nilikuwa form two hapa Gilgil. Simu nyumbani ilikuwa moja, ya mathe, na aliondoka nayo alfajiri kwenda kuuza mboga. Bando? Sahau. Nikabaki na redio. Nilijaza daftari mbili nzima.

Januari 2021 tukarudi, tukaanza muhula wa pili. Hakuna mwalimu aliyeziulizia zile daftari. Manze, niliumia.

Lakini deski yangu alikuwa rafiki ambaye kwao hata redio hakukuwa. Serikali ingehesabu daftari zangu, yeye angefelishwa kwa masomo ambayo hakuwahi kuyasikia.

Ndio maana shule zikifungwa, kama Mei 2024 wakati wa mafuriko, na mtu aseme "si wasomee tu mtandaoni", mimi nauliza hivi: kanuni zinasema saa za darasa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Mtoto akiwa nyumbani, hizo saa anazihesabu nani? Na kwa simu ya nani?