Siku ya Kuulizwa: Wewe ni Nani?

Mara nyingi vijana hutujia jioni, siku moja kabla ya kwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Mmoja ataka tumsahihishie barua yake ya Kifaransa, mwingine aomba tumwazime tai, na wa tatu auliza kama yafaa kumtaja mjomba wake aliye mkubwa mahali fulani. Ni wachache mno wanaotuuliza: "Mwalimu, nitajibu nini wakitaka kujua habari zangu mimi mwenyewe?" Na kwa kawaida hilo ndilo swali la kwanza watakaloulizwa.

Sisi wenyewe tuliulizwa, tukaanguka. Tutaeleza jinsi ilivyokuwa, ingawa hatusimulii kwa furaha.

Tulikuwa na umri wa miaka 25, nasi tulikuwa tumetoka seminari kuu miezi 8 kabla, baada ya miaka 2 ya filosofia. Hatukufukuzwa. Tuliona polepole, katika sala na katika mashauri na padri aliyetuongoza, kwamba wito wetu haukuwa huo, tukaaga kwa amani. Lakini nyumbani majirani walikuwa wamekwisha kutuita "padri" tangu utoto, na mama yetu alilia siku tuliporudi na sanduku. Basi tukaanza kuificha ile miaka 2 kama mtu afichavyo kidonda. Kampuni moja ya hapa Lubumbashi ilipotafuta karani wa ghala, tulipeleka karatasi ambamo miaka ile ilitajwa kwa maneno mawili tu: "masomo mbalimbali".

Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Yule wa katikati, mzee mwenye miwani, alituambia kwa upole: "Bwana, utueleze habari zako." Tukamtajia jina letu, mahali tulipozaliwa na diploma tuliyo nayo, yaani tulimsomea yale aliyokuwa ameyashika mkononi. Macho yetu yalikuwa chini, kwa maana tulilelewa hivyo: mtoto hamkazii mkubwa macho. Hiyo ni heshima njema mbele ya babu, wala hatuidharau. Lakini mbele ya mgeni asiyetujua, ilionekana kama tulikuwa na jambo la kuficha. Na kweli tulikuwa nalo.

Akauliza: "Waweza kufanya kazi gani?"

Tukajibu: "Kazi yoyote, bwana."

Mwenzake akatabasamu. Kisha mzee akaweka kidole juu ya karatasi: "Haya masomo mbalimbali, ni masomo gani?" Tukakohoa, tukasema kwamba wakati huo tulikuwa tukimsaidia mjomba katika biashara. Karatasi yasema masomo, kinywa chasema biashara! Mzee akafunga faili, akatushukuru. Kazi hatukuipata, na leo twakiri kwamba wangefanya kosa kumkabidhi mtu wa namna ile funguo za ghala.

Tena tazameni upumbavu wetu. Katika ile miaka tuliyoificha, tulikuwa tumekabidhiwa maktaba ya seminari. Tuliandika katika daftari kila kitabu kilichotoka na kila kitabu kilichorudi. Mwisho wa mwaka tulihesabu vyote, na kilichopotea tulikitafuta mpaka chini ya vitanda vya wenzetu. Je, karani wa ghala hufanya nini zaidi ya hayo? Yule mzee alituomba tumwonyeshe sisi ni nani, nasi tulikuwa na jibu tayari, tukalifunika kwa mikono miwili.

Wazee wa mji huu hawakuulizwa hivyo. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipoita watu wa kazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi katika miaka ya 1920, daktari aliwapima kama miili yao yaweza kustahimili kazi ya shaba. Iliyotafutwa ni mikono. Siku hizi vijana wengi wenye Diploma ya Serikali huomba nafasi moja, na karatasi zao zafanana kama mayai. Mwajiri atawatenganishaje, ila kwa kumwuliza mtu mwenyewe?

Mtatuambia: "Mwalimu, nafasi hupewa ndugu wa mkubwa." Twajua. Mara nyingine imekwisha kutolewa kabla hujaketi, na hakuna jibu zuri litakaloirudisha. Hatutawadanganya juu ya jambo hilo. Lakini si kila mahali ni hivyo, na huwezi kujua mapema ni mlango upi.

Wengine huona dawa ni kujigeuza. Huazima suti, hujipaka marashi mpaka chumba chote chajaa harufu, hukariri maneno makubwa ya Kifaransa. Wakiulizwa kasoro yao, hujibu kwamba wanapenda kazi kupita kiasi. Waajiri wamekwisha kulisikia jibu hilo hata wamechoka. Usafi ni lazima, bila shaka. Lakini sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamruhusu mwajiri kumjaribu mtu kwanza: mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na hata miezi 6 kwa wengine. Nani ataweza kuvaa uso wa kuazima kwa miezi 6?

Tangu tulipoanza kufundisha darasa la mwisho, tumekuwa na desturi ya kuweka meza mbele ya wanafunzi baada ya vipindi, nao huja mmoja mmoja kuhojiwa. Mwaka jana msichana mmoja alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe tukamwuliza hufanya nini kabla ya kuja shuleni. Akaona haya, akasema kwa sauti ndogo: "Nauza mikate na mama." Tukamwomba aeleze zaidi. Kumbe, tangu akiwa na miaka 10 huchukua mikate 80 kwa mwokaji alfajiri, bila fedha, kwa kuaminiwa tu. Na kila jioni hurudisha hesabu. Siku moja mvua iliharibu mikate 15, akailipa kidogo kidogo kwa majuma 3. Wenzake, waliokuwa wakicheka, walinyamaza. Nani kati yetu asingempa kazi mtu huyo?

Juzi alitujia mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, kuazima koti. Alikuwa na hofu juu ya miaka 2 aliyokaa nje ya shule kwa kukosa karo. "Nitasema nilikuwa mgonjwa," akatuambia. Tukamwuliza alifanya nini kweli katika miaka hiyo. Akaanza kusimulia jinsi alivyomfuata fundi wa baiskeli, alivyopewa kwanza kazi ya kuosha minyororo, jinsi alivyomkosea mteja mmoja na kumrudia nyumbani kwake kumtengenezea upya bila malipo. Chai ilipoa mezani naye akiendelea.

"Kesho uwaambie hayo," tukamwambia, "nawe uwatazame usoni."

Koti letu lilimpwaya mabegani, lakini alilichukua. Leo ni juma la pili, na jibu halijafika bado.