Masagati, Maji Yanakotoka

Wageni wengi wa bonde la Kilombero huishia Ifakara, na siwalaumu. Pana pa kulala, pana samaki, pana hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na pana taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi na sasa inatajwa popote malaria inapojadiliwa. Lakini Ifakara maji yanapita tu. Anayetaka kujua yanatoka wapi apande mpaka Masagati, pembe ya kusini magharibi ya Halmashauri ya Mlimba, ambako milima ya upande wa Njombe inalimwagia bonde mito yake.

Hadi Mlimba nilipanda treni ya TAZARA. Chagua dirisha la kulia: milima ya Udzungwa inakwenda nawe njia nzima, msitu juu, mawingu yamenasa kileleni. Kushoto ni mpunga, na baada ya mpunga, mpunga. Mngeta na Chita wachuuzi wanafika dirishani treni haijasimama sawasawa. Reli hii ya kilomita 1,860 ilikuwa bado inajengwa Februari 1974, Agostinho Neto wa Angola alipohutubia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Neto alikuwa daktari na mshairi. Nilikuwa namwaza yeye garini, kumbe bonde hili lina daktari wake wa kalamu, nami nitamfikia.

Kutoka Mlimba unatafuta bodaboda, au unapewa nafasi juu ya mizigo ya lori. Masika usijaribu, utalala njiani na hakuna atakayekushangaa. Kiangazi adui ni vumbi. Ukishapita Utengule tambarare inaisha, barabara inaanza kukata vilima, na hewa inapoa kidogo kidogo. Wabena na Wandamba wameishi huku kwa kufuata mito, na mpaka leo ukiuliza njia utaelekezwa kwa mto: vuka huu, usivuke ule.

Mto Mnyera ndio ulionikalisha. Ukitelemka kutoka nyanda za juu unapiga mawe, unatoa povu, unanguruma hata ukiwa mbali na ukingo. Mbele huko unakutana na Ruhuji na mito mingine, unakuwa Kilombero, mto mpana wenye viboko ambao Ifakara walikuwa wakiuvuka kwa kivuko mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Sijaona maji mazuri kama haya Morogoro nzima, na walioona mengine wanisahihishe.

Nilikaribishwa nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa anapeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Jiko lake lilikuwa la mafiga matatu, ila lilizungushiwa ukuta wa udongo uliofika magotini, umesilibwa vizuri. Nikamuuliza kama ni wa kuzuia kuku.

"Kuku wa nini, baba? Mjukuu wangu anaanguka. Moto haujui mtoto wa nani."

Kifafa. Hapo ndipo nilipomkumbuka Louise Jilek-Aall. Alizaliwa Norway mwaka 1931, mama yake mtafiti wa mila na desturi, naye akasomea udaktari, kisha tiba za nchi za joto kule Basel. Mwaka 1959 alikuja Tanganyika, akafanya kazi Mahenge, milimani ng'ambo ya bonde hili, miongoni mwa Wapogoro. Alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Mgonjwa alipoanguka hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa kuwa iliaminika kwamba mate yake yanaambukiza. Mgonjwa alikula peke yake, akalala kwenye kibanda chake. Daktari huyu alianzisha kliniki ya kifafa. Dawa yenyewe haikuwa ya ajabu, fenobabito, kidonge cha bei ndogo. Kazi ilikuwa kumfanya mgonjwa anywe kila siku, na jirani akubali kula naye.

Hakutunga mashairi, lakini alikuwa na sikio la mtunzi. Alisikiliza wazazi waliomweleza kuhusu watoto wanaosinzia kichwa, wakikiinamisha na kukiinua katikati ya chakula, akayaandika waliyosema. Miongo kadhaa baadaye, watoto wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda walipoonekana na hali hiyohiyo, wataalamu walirudi kuyasoma maandishi yake ya Mahenge. Leo watafiti wengi wanaihusisha hali hiyo na usubi, ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, yenye mawe na povu. Yaani maji ya namna hii niliyokuwa nikiyasifu. Sikuacha kuyasifu, ila nilishusha mikono ya shati. Huko Mahenge dawa ya ivamektini imegawiwa kwa miaka mingi, na usubi haujakubali kuondoka.

Kutoka Mahenge daktari alikwenda Kongo na Msalaba Mwekundu mwaka 1960, kisha Gabon kwa Albert Schweitzer, mwisho akahamia Kanada. Kliniki hakuitupa, alirudi kuitazama, akaendelea kuichangia. Mwaka 1979 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, *Call Mama Doctor*, kwa jina walilomwita wagonjwa. Ndani yake anajicheka mara nyingi kuliko anavyojisifu, na hilo kwa daktari si jambo dogo. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho hukikuti kirahisi madukani kwetu. Kikitafsiriwa, kazi hiyo apewe mtu wa Mahenge au wa bondeni, anayejua watu wa huku wanavyotaniana na mgeni, maana nusu ya utamu wake umo humo.