Usiku wa Baridi Mpakani

Watu wengi huwacheka wapenzi wa mpira wa miguu, wakisema, "Hawa hukesha kwenye umande kwa mambo yasiyowahusu." Nami napenda kuwasimulia usiku mmoja tuliokesha hivyo, mkaamue wenyewe.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Februari 2012. Siku zile Tunduma ilikuwa bado katika Mkoa wa Mbeya, maana Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Alasiri nalivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumwamkia mjomba wangu na kulala kwake. Msishangae kusikia kwamba mjomba yuko nchi nyingine. Sisi Wanyamwanga tuko pande zote mbili, na mpaka ulipochorwa ulitukuta tumekwisha kuoana na kuzikana. Hata saa zetu hazilingani: ukivuka tu, saa ya Nakonde iko nyuma ya saa ya Tunduma kwa saa moja.

Usiku ule Zambia ilikuwa icheze na Ivory Coast fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mjini Libreville, katika nchi ya Gabon. Mwenye duka mmoja alitoa televisheni yake akaiweka barazani, nasi tukajaa uani. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, na ninyi mkaao nchi hii ya juu mwaijua baridi ifuatayo mvua: huanzia nyayoni, ikapanda polepole mpaka magotini. Wengine walijifunika magunia, wengine vitenge, na watoto walibanana ukutani kama vifaranga. Hata moto wa kuni uliowashwa haukufaa, kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi kuliko joto.

Nilipomwona mjomba akija na blanketi lake mabegani, nalistaajabu sana. Tangu mwaka 1993 hakutaka kuutazama mpira wala kuusikiliza redioni. Mwaka ule, tarehe 27 Aprili, ndege ya jeshi iliyowachukua wachezaji wa Zambia kwenda Senegal, katika shindano la kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, ilishuka Libreville kutia mafuta. Iliporuka tena ilianguka baharini karibu na pwani. Watu wote 30 walikufa, na katika hao wachezaji walikuwa 18. Walizikwa Lusaka, karibu na Uwanja wa Uhuru. Kalusha Bwalya alisalimika kwa sababu alikuwa akicheza Ulaya, akapangiwa kusafiri peke yake. Naye ndiye aliyekuwa rais wa chama cha mpira cha Zambia mwaka ule wa 2012, timu iliporudi katika mji uleule. Siku chache kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukoni wakaweka maua.

Mchezo ulikuwa mrefu. Katika kipindi cha pili Ivory Coast walipewa penalti, na Didier Drogba akaupeleka mpira juu ya lango. Uani tulipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Dakika 90 zikaisha, na nyongeza ikaisha, pasipo bao. Manyunyu yakaanza tena. Nikamwambia, "Mjomba, baridi hii itakudhuru. Shikamoo yangu ni bure nikikurudisha ukiwa mgonjwa. Twende ndani." Akajibu pasipo kunitazama, "Mpwa wangu, wale vijana walilala baharini. Mimi nitashindwa kukaa nje usiku mmoja?" Nikanyamaza, nikasogea karibu naye, akanipa ncha ya blanketi.

Kisha ikaja mikwaju ya penalti. Wachezaji wa Zambia walisimama kwa safu, wameshikana, wakiimba. Hata mlinda lango wao, Kennedy Mweene, alipiga mmoja akafunga. Baadaye akaudaka mpira wa Kolo Touré, lakini Rainford Kalaba naye akakosa, na mioyo yetu ikashuka tena. Ndipo Gervinho alipokosa, na Stoppila Sunzu akafunga. Zambia 8, Ivory Coast 7. Ilikuwa mara yao ya kwanza kulitwaa kombe lile. Mwalimu wao, Hervé Renard, alimbeba mikononi Joseph Musonda, aliyeumia mapema katika mchezo, akampeleka kwa wenzake wapate kushangilia pamoja.

Watu walikimbia barabarani wakipiga masufuria. Mjomba hakukimbia. Alikaa palepale, akaanza kutaja majina polepole: Efford Chabala, mlinda lango, Godfrey Chitalu, mwalimu wao, Derby Makinka, Wisdom Chansa, Kelvin Mutale. Nikafahamu kwamba tulikuwa tumekaa kama watu wa matanga: moto uani, blanketi, usiku kucha, hakuna aendaye kulala kabla ya wenzake. Kwa miaka 19 mzee huyu hakuwa amemaliza kilio chake, na usiku ule akakimaliza.

Mimi si mtu wa Zambia, na timu yetu ya Tanzania haikuwamo katika mashindano yale. Walakini sijutii baridi ile. Basi mkimwona mzee akitetemeka mbele ya televisheni ya jirani, msimcheke. Mpelekeeni chai ya moto, na mumwulize anamkeshea nani.