Tutalala Wapi?

Siku niliyostaafu ualimu, nikiwa na miaka 60 kama sheria ya utumishi inavyotaka, wenzangu walinipa saa ya ukutani na hotuba nyingi. Katika kila hotuba lilirudiwa neno moja: kiinua mgongo. Nilikuwa nimelifundisha darasani kwa miaka mingi kama mfano wa nomino ambatani, wala sikuwahi kujiuliza mgongo wa nani unainuliwa, na kutoka wapi. Jawabu nililipata mwaka uliofuata, alfajiri moja ya Julai huko Lushoto, nilipoamka ndani ya gari letu baridi ikiwa imenikaza uti kama kamba iliyolowa. Mwenzangu alinishika mikono miwili akanivuta, kisha akasema, "Mwalimu, pesa yote ile, na bado mgongo nakuinulia mimi."

Gari lenyewe lilitokana na pesa hiyo. Lilikuwa Hiace iliyokwisha tumika, iliyobeba abiria kwa miaka mingi kabla ya kutubeba sisi. Fundi aling'oa viti vya nyuma. Seremala akaunda kitanda cha mbao chenye masanduku matatu chini yake: la vyombo na jiko la gesi, la nguo, na la dawa. Tukaongeza madumu mawili ya maji ya lita 20, hema dogo, turubai, jembe na tochi mbili. Majirani zetu wa Tanga waliotuona tukipakia godoro walimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini iwapo watoto wetu wametufukuza.

Mpangaji wa safari nilikuwa mimi. Nilichora njia kwenye daftari: Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kisha kupanda milima ya Usambara kupitia Soni hadi Lushoto, na kutoka Lushoto hadi Mtae, alikozaliwa mke wangu. Nilihesabu kilomita kwa namna ile ile ninavyohesabu mizani, nikazigawa kwa siku, nikafurahi kuona zinagawanyika bila baki. Nilipomsomea, aliuliza swali moja: "Tutalala wapi?"

Nilimjibu kwamba tutajua tukifika.

"Hilo ni jibu la kijana," alisema. "Mimi usiku naamka mara tatu."

Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo. Wanajua pia jinsi inavyokuwa mtunzi anapoanza ubeti bila kujua atatua wapi: mishororo mitatu inakwenda kwa mbwembwe, wa nne unakuja ukichechemea. Nimewasahihishia wanafunzi kosa hilo kwa miaka mingi, na sasa nilikuwa nimelitenda mwenyewe katika daftari la safari. Nilifuta kilomita. Tukaanza upya, safari hii tukitanguliza vituo, na masharti ya vituo akayatoa yeye.

Sharti la kwanza, tufike kabla ya saa kumi alasiri, ili jua lituonyeshe ardhi kabla halijatuacha. La pili, choo kiwe karibu kiasi cha mtu kwenda na kurudi kwa tochi bila kuamsha mbwa wa watu. La tatu, maji yawepo, nasi tuulize ni ya nani kabla ya kuyachota. La nne, ardhi iwe bapa, jambo lililo adimu Usambara, ambako hata mabichi ya kabeji yameshikilia mteremko kwa kucha. La tano, tujue hospitali iko wapi: ya wilaya ipo Lushoto, na Bumbuli kuna ya Kanisa la Kilutheri. La sita lilinishangaza: pawe na mtu ambaye tukipiga kelele atasikia. Mimi nilikuwa nimeota upweke na nyota.

Nilipoyaandika masharti hayo, lilinijia neno ambalo sijalisikia midomoni mwa watu kwa muda mrefu: ago. Vijana husema kambi, nasi pia. Wavuvi wa pwani wangali na ndugu yake, dago, pale wanapohamia kwa msimu na kulala ufukweni. Ago ni mahali ambapo msafiri ametua kwa usiku, akawasha moto, akaondoka. Wahenga walimwonya anayeondoka asilichafue ago, kwani huenda akauya papo hapo. Wenyewe walitumia kitenzi kikali kuliko kuchafua, naomba kukisitiri. Kuuya ni kurudi, kitenzi cha kale kilichosalia katika lahaja za kaskazini na katika tungo. Nililiandika neno ago juu ya ukurasa wa kwanza, nikalipigia mstari.

Kabla ya siku ya kuondoka nilikwenda kupimwa macho, nikidhani nitarudi na miwani mipya. Daktari alinieleza kwamba nina presha ya macho. Pembe za kuona zilikuwa zimeliwa polepole bila mimi kujua. Zilizokwenda hazitarudi, na matone nitakayotia kila siku ni ya kulinda zilizobaki. Aliniuliza kama ninaendesha gari. Nilinyamaza. Mke wangu ndiye aliyejibu.

Kwa wiki mbili sikuligusa daftari. Hiace ilikaa uani, kuku wakalala chini yake. Wiki ya tatu mke wangu alirudi nyumbani jioni akiwa na vumbi viatuni, akaweka mezani risiti ya chuo cha udereva. Alikuwa na miaka 58. Wanafunzi wenzake walimwita bibi, na mkufunzi alimpigia kelele kama anavyowapigia wao. Miezi minne baadaye alipata leseni. Hakunieleza alipopata ujasiri. Alisema tu kwamba godoro lile haliwezi kukaa ndani ya gari bila kazi.

Basi tuliondoka Tanga mwezi wa Julai, masika yakiwa yamekwisha na barabara za mlimani zimekauka, yeye akishika usukani na mimi nikiwa utingo. Sikuona aibu kubwa kwenye barabara kuu. Aibu ilinipata Mombo, pale njia inapoiacha tambarare na kuanza kupanda. Ni kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, zenye kona zinazojikunja juu ya bonde, na malori ya mboga yanayoshuka kwa honi. Mkono wangu ulitafuta gia mara ngapi, sijui. Kila ulipoigusa, aliupiga kofi jepesi. Soni tulisimama karibu na maporomoko ya mto ili injini ipoe, nami nikampa wosia wa madereva wa zamani: mlima ushuke kwa gia uliyoupandia, breki ziache zipumzike. "Hilo nimelisikia chuoni," alisema. "Nipe ambalo sijalisikia." Sikuwa nalo.

Ago letu la kwanza lilikuwa nje ya mji wa Lushoto, upande wa Irente, kwenye shamba linalopokea wenye mahema. Nilichagua mahali pazuri, chini kidogo, palipotazama bonde. Mke wangu aliinama, akapitisha kiganja kwenye nyasi zilizolala upande mmoja, akasema maji hupita hapo. Nilimwambia Julai si mwezi wa mvua. Tuliegesha juu, kando ya jiko la wenye shamba, palipokuwa na mandhari ya kuni na ndoo. Usiku ilinyesha mvua ndogo ya mlimani, isiyofuata kalenda ya pwani, na asubuhi pale nilipopachagua palikuwa na mfereji mwembamba unaong'aa. Hakusema neno. Alikwenda kumpa mama mwenye jiko nazi tatu tulizotoka nazo Tanga, akarudi na karoti, viazi na peasi.

Kubadilishana huko kulinikumbusha kitabu tulichokibeba, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa upya mwaka 1962. Maandishi yake sasa ni madogo kwa macho yangu, hivyo usiku mke wangu alinisomea kwa tochi. Alikuwa akisoma habari za kwao, za Mbegha, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, akakimbia kwao Nguu na kufika milima hii akiwa mwindaji na mbwa wake. Mbegha alihama ago baada ya ago, na kila alipotua aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Hatimaye akafanywa mfalme, na Vuga ikawa makao ya ukoo wake. Mke wangu aliweka kitabu kifuani akasema, "Unaona? Alijua kuchagua majirani." Kesho yake, tulipokuwa tukipita msitu wa Magamba, alisimamisha gari kunionyesha mbega wakirukaruka juu ya miti. Nilisikia matawi. Weupe wa mikia niliuona kwa sekunde moja, ukapotelea pembeni, kule ambako macho yangu hayafiki tena.

Tulifika Mtae saa tisa alasiri. Tulimwendea mwenyekiti wa kijiji kwanza, kwa adabu, ingawa nusu ya wazee pale walikuwa shangazi na wajomba zake. Walitaka tulale ndani. Mke wangu aliwaeleza kwamba mumewe ameota kulala ukingoni tangu alipostaafu, wakacheka, wakatuonyesha kipande cha ardhi bapa nyuma ya nyumba ya binamu yake, hatua chache kutoka pale mlima unapokatika ghafla. Wasambaa huita nchi yao ya juu Shambaai, na nchi kavu ya chini ni nyika. Kwa hesabu ya wakwe zangu, sisi wa pwani nasi ni wa huko huko chini.

Jua lilipoanza kushuka nilikwenda ukingoni naye. Mwanga ukipungua, macho yangu hupungua haraka zaidi. Niliona wekundu, kisha giza lenye kingo. Nilikuwa nimesafiri safari ile yote ili nione pale, na palikuwa panafungwa mbele yangu kama duka.

"Niambie," nilisema.

Mke wangu hajawahi kutunga hata mshororo mmoja. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Nyika ina rangi ya makopa. Kuna kivuli cha wingu kimoja, kinatembea peke yake kuelekea Kenya, hakina haraka." Nikamwuliza, na milima ya Upare? "Iko. Imekaa kama watu waliojifunika shuka wakajifanya wamelala." Ningekuwa mimi, ningeandika bahari ya vumbi, kama nilivyoandika mara nyingi kuhusu tambarare nisizozitazama sawasawa. Nilimwomba aendelee, akaendelea mpaka hapakuwa na cha kuona hata kwake. Tukarudi kwenye gari nikimshika bega.

Asubuhi alifukia majivu kwa jembe, akahesabu mambo za hema, akavunja tawi na kufagia mahali palipokuwa na matairi. Nilimwambia nyasi zitaota zenyewe. "Tutauya," alisema, bila kuinua kichwa. Lile neno la kwenye daftari lilikuwa limemwingia. Nilitaka kumwuliza, tukiuya, mimi nitaona kiasi gani? Niliokota kijiko kilichosahauliwa kwenye majani, nikakitia sandukuni.

Safari ijayo ni ya Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera: Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902, na ambako misitu ina lile ua dogo la zambarau lililopewa jina Saintpaulia mwaka 1893 na sasa linaoteshwa madirishani duniani kote. Tutapanda kutokea Muheza, masika yakishapita. Daftari analo yeye. Jana nilimwomba anisomee ukurasa wa Mtae, nikasikia choo hatua 40, maji kwa binamu, upepo wa usiku kutoka mashariki, kisha safu mpya ambayo sikuiweka mimi. Ameiita "Cha kumsimulia".