Mafuta Yalikuwa Yanaenda Wapi?

Hapa Bukavu, mwenye taksi akiona mafuta yanaisha haraka, mtu wa kwanza anayemshuku ni shofere. Nami nilifanya hivyo. Ninaandika haya kwa sababu nilikosea, na kwa sababu wenye magari ya zamani ni wengi katika mji huu.

Gari yetu ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, moja ya zile zilizotoka Japani zikapitia bandari ya Dar es Salaam. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyekuwa akiiendesha kati ya Nyawera na Panzi. Kwa miezi mingi lita 10 zilimtosha siku nzima. Kisha zikawa 13, kisha 15, na pesa ya jioni ikapungua. Nilipomuuliza akajibu: «Mjomba, hata mimi sielewi. Gari inakunywa.» Nikaona ni maneno ya kila shofere anayewauzia mafuta kadhafi, wale wenye bidoni kando ya barabara. Nikamnyang'anya ufunguo mbele ya mke wangu na watoto. Hakusema kitu. Tangu siku ile dada yangu hakufika tena kwetu Jumapili baada ya misa.

Nikampa gari shofere mwingine, baba mzima, mtu wa kanisa. Siku ya tatu naye akaniomba lita 15.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama gari yenyewe. Asubuhi iliwaka vizuri. Ikishapata moto, ukiizima kidogo, ilikataa kuwaka tena, na ikiwaka ilitoa moshi mweusi wenye harufu ya mafuta. Buji zilikuwa nyeusi kama sufuria ya chini. Lakini mshale wa joto kwenye tablo ulisimama katikati kama kawaida, na taa ya motere haikuwaka hata mara moja. Garaji ya kwanza wakaniambia kapteri ya joto imekufa. Nikanunua mpya kwa dola 25. Hakuna kilichobadilika.

Jirani akanituma kwa mzee mmoja fundi wa Kadutu. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza: «Papa, kapteri ya zamani mliipima au mliitupa tu?» Kwa bahati ilikuwa bado ndani ya gari. Akaiweka katika sufuria ya maji juu ya mbabula, akashika multimeta. Maji yakiwa baridi, kapteri ilionyesha omu zaidi kidogo ya 2.000. Maji yalipokaribia kuchemka ikashuka hadi 300 hivi. Akacheka. «Hii ni nzima. Kazi yake ni hiyo: joto likipanda, kizuizi cha umeme kinashuka.»

Ndipo akanifundisha jambo nililokuwa sijui. Kwenye motere ile kuna vitu viwili vinavyopima joto la maji. Kimoja kina waya mmoja, kinapeleka habari kwa mshale wa tablo. Kingine kina waya mbili, kinapeleka kwa kompyuta ya gari, ambayo ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta ya kumwaga. Kwa hiyo mshale unaweza kukuambia ukweli wakati kompyuta inadanganywa. Motere baridi inahitaji mafuta mengi zaidi. Kompyuta ikidhani motere ni baridi siku nzima, itamwaga mengi siku nzima.

Na taa? Akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili, TE1 na E1, katika kisanduku kidogo chini ya kapo, akafungua kontakti. Taa ikapepesa sawasawa, bila kusimama: kompyuta haikuona kosa lolote. Kama waya ungekatika kabisa, ingehesabu namba 22, ambayo ni ya kapteri ya joto la maji. «Waya haujakatika,» akasema mzee. «Unapitisha kidogo. Hiyo ni mbaya kuliko kukatika, kwa sababu kompyuta inaona namba inayowezekana.»

Tukaacha motere ipate moto. Akapima volti kwenye plagi ya kompyuta. Motere ikiwa na moto, pale panatakiwa kuwa karibu nusu volti. Sisi tulipata 2,3. Akazima, akachomoa kapteri na kuipima yenyewe: omu 300. Akaichomeka tena, akachomoa plagi ya kompyuta, akapima kutoka upande ule: 2.300. Omu 2.000 zilikuwa zimekaa mahali fulani njiani. Akafuata waya kwa vidole, polepole, huku mimi nikiangalia namba. Alipofika nyuma ya motere akatingisha, na namba ikaruka.

Chini ya skochi nyeusi tulikuta waya uliokuwa umekatika zamani na kuungwa kwa kusokotwa tu, bila kulehemu. Maji ya kuosha motere yalikuwa yameingia. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Aliyeunga hivyo simjui. Labda ni kabla hatujainunua. Mzee akakata sehemu iliyooza, akalehemu waya mpya, akafunika vizuri. Alitoza franka 15.000. Siku iliyofuata shofere alirudi na mafuta yaliyobaki: alikuwa ametumia lita 10.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari ya zamani, kabla ya kununua kapteri, ipime katika maji ya moto. Ikiwa nzima, pima waya mpaka kwenye kompyuta. Usiridhike kwa sababu taa haikuwaka.

Lakini hesabu yangu nyingine ilikuwa bado. Nilikwenda kwa dada yangu jioni, na kipande kile cha waya mfukoni. Nikakiweka mezani pamoja na ufunguo, nikamwambia mpwa wangu mbele ya mama yake kwamba nilimsingizia. Alikigeuza geuza kipande kile kwa muda mrefu. «Mjomba, ungeniuliza nilipokuambia inakunywa,» akasema. Dada yangu aliinuka kwenda kuleta chai.

Amerudi kwenye gari sasa. Lakini kila jioni, pamoja na pesa, ananipa daftari ambamo ameandika lita, saa na mahali aliponunua mafuta. Sijamwomba afanye hivyo. Nimemwambia aache, na bado analeta.